Nani Aonje Kwanza

Tangu walipoegesha gari pale Don Mills, Nazmin alimwomba baba yake mambo mawili tu: asitaje vita, na asitaje sumu. Lifti haijafika hata ghorofa ya tatu, mzee Alimohamed akayataja yote mawili.

"Jam Hamir naye alialikwa hivi hivi," alisema, akiweka sawa kofia yake kwenye kioo cha lifti. "Karibu ndugu yangu, karibu chakula. Akavaa vizuri, akaenda. Vita havikumuua, sumu haikumuua, kilichomuua ni kualikwa. Alirudi?"

"Bapa, tafadhali."

"Nimekuuliza, alirudi?"

"Hakurudi, Bapa."

"Basi."

Anastasia akageukia ukuta wa lifti ili acheke kwa nafasi. Huyu alikuwa rafiki wa Nazmin, nesi, Mhaya wa Bukoba mwenye sauti ya kusikika ghorofa mbili, na alikuwa ametoka zamu asubuhi ile bila hata kunywa chai. Mzee mwenyewe ndiye aliyemtaka aje. Alitaka shahidi asiye na upande, na kwa hesabu zake Bukoba ilikuwa mbali vya kutosha na India.

Sasa usinicheke nikikwambia ugomvi wenyewe ulianza lini. Ulikuwa unakaribia miaka mia tano. Enzi zile Mughal ndio kwanza wanaingia India, mfalme wao Humayun anakimbizana na Sultani wa Gujarat, kule Kachi, magharibi ya India, kulikuwa na watawala wawili wa ukoo mmoja, Jam Hamir na Jam Rawal. Rawal akamwalika Hamir, kisha akamuua. Watoto wa Hamir wakatoroshwa, na mmoja wao, Khengar, akakulia ugenini, akapata jeshi, akarudi kumtimua Rawal. Rawal akabeba watu wake akavuka ghuba, akajenga mji mpya ambao ndio Jamnagar ya leo. Hayo utayakuta vitabuni. Usichokikuta ni kwamba babu mmoja wa kina Alimohamed alikuwa akimuuzia Jam Hamir dengu, na babu mmoja wa Mama Gulzar, mama yake Nizar, kijana anayetaka kumwoa Nazmin, alikuwa akimshonea Jam Rawal mahema. Hakuna aliyeshika upanga hata mmoja! Lakini ungemsikia mzee Alimohamed, mzaliwa wa Tabora, mstaafu wa kiwanda cha maboksi hapo Toronto, ungedhani mkuki ulimpata yeye, tena juzi.

Basi kwao ukabaki mwiko. Ukavuka nao bahari hadi Tabora, ukapanda nao ndege hadi Kanada: kwa mtu wa Jamnagar huli kitu mpaka mwenye nyumba aonje kwanza, kutoka chombo hicho hicho, nawe unamwona kwa macho yako. Na kwa bahati mbaya ya Nazmin, posa ya kwao haikamiliki mpaka baba wa binti ale kitu kitamu nyumbani kwa kijana. Asipokula, hakuna posa, hata watu wazungumze mpaka mate yakauke.

"Mara ya kwanza nilikuwa na mafua," mzee alikuwa amemwambia ndani ya gari. "Mara ya pili kulikuwa na theluji. Leo nimekuja. Lakini nikitoka pale sijala, Nazmin, jambo hili limekwisha. Hatutalizungumza tena."

Naye akajibu, "Sawa, Bapa," kwa sababu alikuwa na miaka thelathini na mmoja na amechoka kubembeleza.

Mlango ulifunguliwa na Nizar. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama yake mpaka likawa linasimama lenyewe. Macho yake yalimpita mzee, yakampita Anastasia, yakatua kwa Nazmin, na hapo yakakaa. Nazmin akajifanya anavua buti la theluji. Zipu ilikuwa imekwisha kufunguka, lakini aliendelea kuivuta. Jamani, mwanamke mzima, mfamasia mwenye duka la dawa chini yake, anashindwa kuvua buti kwa sababu ya macho ya fundi lifti!

Walikutana mwaka juzi, kwenye makumbusho pale Wynford Drive, mbele ya picha ndogo ya mwanamfalme anayekimbia juu ya farasi. Nazmin alijisemea kwa Kiswahili, "Maskini Khengar, wamemkosakosa." Nyuma yake sauti ya kiume ikajibu, "Khengar wapi? Huyo ni Rawal anavuka zake." Wakabishana mpaka mlinzi akaja kuwaomba wapunguze sauti. Mwishowe wakasoma kibao: mwanamfalme alikuwa wa Iran, hajawahi hata kuisikia Kachi. Walicheka hadi wakaenda kunywa kahawa, na kahawa ile ndiyo iliyowafikisha hapa.

"Karibuni, karibuni ndani!" Mama Gulzar alitokea jikoni, mfupi, mtandio wa kijani kichwani, mikono inanukia hiliki. "Alimohamedbhai, hatimaye!" Akaendelea kwa Kigujarati, maneno matamu yakimtoka kama maji.

Mzee akainua mkono. "Dada, tuzungumze Kiswahili. Wewe Kikachi hukijui, na mimi Kigujarati chenu nimeapa kutokisema."

"Kiswahili chenyewe cha Tabora?" Mama Gulzar alizaliwa Unguja, na kwa Kiswahili hakumpisha mtu.

"Cha Tabora kinaeleweka. Cha Unguja mtu anatukanwa, anajibu asante."

"Asante," alisema Mama Gulzar.

Anastasia akakohoa. Wakaketi.

Meza ile, lo! Kuku wa nazi ndani ya sufuria pana, mchuzi bado unatokota. Pilau. Mihogo ya kukaanga na pilipili yake. Sambusa zimepangwa, kila moja imeiva sawasawa. Na katikati ya yote, ndani ya bakuli la kioo, siro ya semolina iliyokaangwa kwa samli, lozi juu, zabibu pembeni. Hicho ndicho kilichokuwa kitu kitamu cha posa. Kijiko kimoja tu cha siro ile kikiingia kinywani kwa mzee Alimohamed, Nazmin ni wa Nizar. Alikitazama kijiko.

"Bismillahi, bwana," Mama Gulzar akasema. "Anza."

"Baada yako, dada."

"Hapana, baada yako."

"Nimesema baada yako."

Nazmin akajua kazi imeanza. Alitegemea hili, alikuwa hata ameshamweleza Nizar kuhusu mwiko wa kwao, na Nizar akamwambia usijali, mama ataonja, shida iko wapi? Sasa alimtazama Nizar aone kama amemwambia mama yake. Nizar alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama sahani yake tupu kwa bidii.

"Alimohamedbhai," Mama Gulzar akasema polepole, "mwanangu kanieleza desturi yenu. Naiheshimu. Lakini na sie tunayo yetu. Tangu watu waanze kumsema Jam Rawal kuwa alimuua mgeni wake, babu zetu waliapa: katika nyumba zetu mwenyeji hagusi chakula mpaka mgeni mkubwa ale, ashibe. Ili asitokee mtu tena akasema tulimkaribisha mgeni tukajijali sisi wenyewe. Baba yangu alikaa na njaa kutwa nzima kwa ajili ya mwiko huo. Sitauvunja mimi."

Hata mchuzi, kama umesikia, ukaacha kutokota.

"Ngoja kwanza," Anastasia akasema. "Ili nielewe. Mzee hali mpaka mama aonje?"

"Ndiyo," mzee akajibu.

"Na mama haonji mpaka mzee ale?"

"Ndiyo," Mama Gulzar akajibu.

"Makubwa!" Anastasia akaegemea kiti. "Na sababu ni moja?"

"Ni ile ile," wakajibu wote wawili kwa pamoja, na wakaudhika kwa kujibu pamoja.

Nazmin alimtazama Nizar, na safari hii Nizar akainua macho. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamebishana juu ya mengi katika miaka ile miwili, nani aendeshe gari, nani kapoteza funguo, lakini hakuna kati yao aliyewahi kuwaza kwamba nyumba mbili zinaweza kulia msiba mmoja kwa namna mbili zisizokutana.

"Mimi nina wazo," Anastasia akasema. "Mimi ni mgeni. Nile mimi."

"Wewe si mgeni mkubwa," Mama Gulzar akasema kwa upole.

"Wala wewe si mwenye nyumba," mzee akaongeza.

"Basi mimi ni nani?"

Anastasia akawatazama mmoja mmoja, akaitazama sufuria.

"Haya. Kama sihesabiki kokote, basi nikila hakuna mwiko uliovunjika. Niueni, lakini nife nimeshiba." Akajipakulia paja la kuku, akamega, akaweka mdomoni.

Mzee Alimohamed akamkazia macho. Alimtazama akitafuna. Alimtazama akimeza. Alimtazama shingoni. Anastasia akaacha kutafuna.

"Mzee, unanitazamia nini?"

"Endelea, binti yangu. Unajisikiaje?"

"Najisikia pilipili."

"Tumbo?"

"Tumbo linaomba mhogo."

"Sumu za wafalme," mzee akamweleza, "zilikuwa za polepole."

Hapo neno lilitoka. Mama Gulzar aliweka kijiko chini. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. "Sumu," alisema. "Nimeamka alfajiri kukuna nazi. Nazi, hapa Toronto, nimezunguka maduka matatu kuipata iliyo mbichi. Unaniambia sumu?"

"Sikukwambia wewe. Namwambia Rawal."

"Rawal yuko wapi hapa? Yuko chini ya meza? Na kama ni Rawal, bwana, anza mwanzo wa hadithi, usianze katikati! Nani alimuua baba yake Rawal? Wangapi walisema Hamir ana mkono wake mle?"

"Uzushi!"

"Uzushi kwenu. Kwetu ulikuwa msiba!"

Nazmin akasimama. "Naleta maji," alisema, ingawa jagi la maji lilikuwa limejaa mbele yake. Akaingia jikoni, akashika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili.

Nizar alimfuata akiwa na jagi lile lile lililojaa. Alilimwaga kwenye sinki ili apate sababu ya kulijaza tena.

"Ulinificha," Nazmin akasema bila kugeuka. "Mwiko wa mama yako. Ulinificha."

"Nilidhani ataulegeza. Juzi alisema, tutaona. Nikadhani tutaona maana yake ndiyo."

"Kwa mama wa Unguja, tutaona maana yake ndiyo?"

"Nimekosa." Alisogea karibu. Shati lile gumu lilitoa mlio alipoinua mkono kumgusa bega. "Nazmin, nisikilize. Jumatatu twende City Hall. Tuandikishe ndoa. Anastasia atatushuhudia, maana naona keshashiba. Hawa wakimaliza vita vyao watatukuta tumekwisha kuwa mume na mke."

Nazmin alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Alimgeukia. Uso wa Nizar ulikuwa ule ule alioupenda, na nyusi zile zisizokaa usawa mmoja, na macho yaliyokuwa yakimwangalia kama vile hakuna mtu mwingine katika Don Mills yote.

"Nakupenda mpaka naona aibu," alimwambia. "Lakini siwezi. Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na moja. Bapa alikuwa akinisuka nywele kabla hajaenda kiwandani. Hajui kusuka, Nizar. Kila siku nilikwenda shule kichwa kimepinda upande mmoja, na sikumruhusu mtu yeyote anisuke upya, kwa sababu alikuwa amejitahidi. Siwezi kuolewa yeye akiwa nyumbani peke yake anaangalia televisheni. Nitaonekana nimeolewa, lakini sitakuwa nimeolewa."

"Na mimi je? Nitaonekana nimekuacha, lakini sitakuwa nimekuacha?"

Nizar akafunga bomba.

"Kazi yangu ni kutoa watu waliokwama," alisema taratibu. "Lifti ikisimama katikati, najua nianzie wapi. Hii sijui. Mama siwezi kumlazimisha aivunje heshima ya baba yake. Wewe siwezi kukuacha. Niambie wewe basi, maana nimeshindwa."

Kabla Nazmin hajafungua mdomo, sauti ya Mama Gulzar ikatoka sebuleni, kali, ya mtu aliyeona ambacho hajapata kukiona.

"Yai?! Mezani kwangu, yai?!"

Walikimbia. Mzee Alimohamed alikuwa ameketi vile vile, mgongo umenyooka, na mbele yake, juu ya sahani nzuri ya Mama Gulzar yenye maua ya dhahabu, lilikuwa limekaa yai la kuchemsha. Karatasi ya fedha aliyolifungia ilikuwa bado mkononi. La pili lilikuwa linachungulia mfukoni mwa koti. Alikuwa ameshaanza kumenya.

"Bapa!"

"Nina sukari, Nazmin. Daktari alisema nisikae na njaa."

"Umekuja na mayai yako kwenye posa ya mwanao?" Mama Gulzar alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Kuku wangu yuko pale, amepikwa, ameungwa, wewe unakula yai? Unamdharau kuku mbele ya mtoto wake?"

Anastasia alifunika uso kwa leso ya meza. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Sikumdharau mtu," mzee akasema, naye akainuka. "Nimejikinga tu."

"Umejikinga na nini? Na mwanangu? Nizar alipokuja kwako kutengeneza bomba, ulimpa chai, akanywa? Alikuuliza habari za Hamir?"

"Alikunywa."

"Akala?"

"Vikombe viwili, na biskuti zangu zote."

"Kwa hiyo mwanangu kwako ale biskuti, wewe kwake ule yai!"

Kwa mara ya kwanza siku ile Alimohamed alionekana mzee kweli. Akalirudisha yai kwenye karatasi yake, pole pole, akalitia mfukoni. Akavuta koti mabegani.

"Umeshinda kwa maneno, dada. Mimi sijui kusema. Ninachojua ni kwamba baba yangu aliniambia, na baba yake alimwambia. Nikila hapa leo, nitakuwa wa kwanza katika hao wote, tena kwa kuwa nilikuwa na njaa. Nazmin, vaa viatu."

Anastasia akaacha kucheka. Nizar alisimama mlangoni mwa jikoni na jagi mkononi, maji yanamwagikia sakafuni, wala hana habari. Nazmin aliona wazi kinachofuata: watashuka, gari litawaka, watapita Don Valley wamenyamaza, na baba yake atasema, nilikwambia. Halafu hatasema tena. Alimjua. Akiahidi kutozungumza jambo, hazungumzi.

Hakwenda kwenye viatu. Alizunguka meza, akapita nyuma ya kiti chake cha ugeni, akaenda hadi upande wa jikoni, ambako wenyeji hukaa ili wainuke kirahisi kuhudumia watu. Kilikuwa kiti cha Nizar. Akakivuta, akakikalia. Akachukua kijiko, akakichovya ndani ya bakuli la siro, katikati kabisa palipo na lozi, akala.

Ilikuwa imepoa. Samli imeanza kuganda pembeni. Hata hivyo ilikuwa tamu sana.

"Unafanya nini?" baba yake akauliza.

"Naonja, Bapa. Ulisema mwenye nyumba aonje kwanza, umwone kwa macho yako. Umeniona?"

"Wewe si mwenye nyumba."

"Hilo ndilo nililokuja kukuomba leo." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Ukisema mimi si wa hapa, basi hakuna aliyeonja, na koti umeshavaa. Nitavaa viatu twende, na sitakulaumu hata siku moja, wallahi. Ukisema ni wa hapa, basi mwenye nyumba kaonja. Sema wewe. Mimi siwezi kujisemea."

"Hee!" Mama Gulzar alishika kifua. "Lakini kama yeye ni mwenyeji, basi kala kabla ya mgeni! Mwiko wangu je?"

"Mama!" Nizar akalia. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeona mlango unafunguka na mtu anaurudisha.

Mama Gulzar alimtazama mwanawe. Akamtazama Nazmin aliyekaa kwenye kiti kile, samli mdomoni, machozi mashavuni, kijiko bado juu. Akavuta pumzi ndefu.

"Nimelea wanne," alisema, sauti imeshuka. "Wote walikuwa wadokozi. Wageni wako sebuleni, wao wamo jikoni vidole ndani ya bakuli. Mwanangu akidokoa, huwa simhesabii. Kula, mwanangu. Mimi sikukuona."

Sasa wote wakamgeukia mzee.

Alikuwa amesimama na koti lake, vifungo viwili vimefungwa, cha tatu kinasubiri. Alimtazama binti yake. Nazmin hakuinamisha macho, ingawa alitaka.

"Ni tamu?" mzee akauliza.

"Tamu, Bapa."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa. Lakini si siro niliyoiogopa."

Mzee akatikisa kichwa, si kukataa, ila kama mtu anayejibu swali la siku nyingi. Akafungua kifungo cha kwanza. Akafungua cha pili. Akaja hadi kwenye kiti kile, akasimama kando ya binti yake, akanyoosha mkono. Nazmin akampa kijiko.

"Maisha yangu yote nimejiuliza," alisema, "kwa nini Hamir alikwenda kula. Mtu mzima, ana akili zake, ana walinzi, anajua ndugu yake ana kinyongo. Baba alisema alidanganywa. Mimi sasa nadhani hakudanganywa. Nadhani alichoka kuwa na njaa mbele ya watu wake."

Akachota siro, akaitia mdomoni. Akatafuna lozi.

"Mwenye nyumba kaonja," alisema kwa sauti, ili shahidi wa Bukoba asikie. "Nimemwona kwa macho yangu."

Nazmin alimkumbatia kiunoni akiwa amekaa vile vile, uso ndani ya koti, na yai la pili likapasukia humo mfukoni. Hakuna aliyejali. Anastasia alikuwa analia waziwazi, akijifuta kwa leso na kusema haki ya Mungu hii ni pilipili. Mama Gulzar alivuta sahani yake, akajipakulia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, huku akinung'unika kwamba mgeni kala kijiko kimoja, siyo kushiba, lakini atamsamehe.

Nizar akaweka jagi chini. Alikuja mbele ya mzee, akashika mikono yake miwili.

"Anko, mimi…"

"Wewe kaa," mzee Alimohamed akamwambia, akivuta kiti pembeni ya binti yake. "Biskuti zangu ulimaliza. Nisogezee huyo kuku."